Rangi za Chakula Zinazolimwa Nyumbani: Dalili za Hitilafu, Visababishi na Marekebisho

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata malalamiko yanayojirudia miongoni mwa watu wanaolima manjano, choya (rozela), bitiruti, mzingefuri (bixa) na mchicha ili wapate rangi ya kutia kwenye biriani, ubuyu, keki, mtindi na vinywaji. Chini ya kila dalili, visababishi vimetajwa kuanzia kile kinachotokea mara nyingi hadi kile cha nadra, na ukaguzi unaanza na ule usiogharimu kitu. Msomaji asinunue dawa wala mbolea kabla ya kuumaliza ukaguzi huo, kwa sababu hitilafu nyingi zinazosingiziwa mbegu au ugonjwa hutokea jikoni, na nyingi zinazosingiziwa mapishi zilikwisha kutokea siku ya kuvuna.

Jaribio la kwanza kwa dalili yoyote

Chuja rangi kidogo, igawe katika glasi tatu. Ya kwanza iache kama ilivyo, ya pili ikamulie ndimu, na ya tatu itie chembe ya magadi soda. Rangi ya choya iliyo nzima hung'aa na kuwa nyekundu penye ndimu, na penye magadi hugeuka zambarau, kisha buluu au kijani. Rangi ya manjano hubaki njano penye ndimu na kuwa nyekundu ya matofali penye magadi. Ya bitiruti haibadiliki sana upande wa ndimu. Glasi zikitofautiana waziwazi, rangi imo, na tatizo liko kwenye maji, chombo, moto au kiungo kilichochanganywa nayo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya jikoni. Glasi zote tatu zikiwa hafifu na za kufanana, ama mmea haukutengeneza rangi ya kutosha, ama rangi ilipotea wakati wa kukausha na kuhifadhi.

Jaribio hili halifai kwa mzingefuri, ambao rangi yake huyeyuka vizuri zaidi katika mafuta. Huo una kipimo chake huko mbele.

## Dalili za shambani

Majani ya manjano yanakauka kabla ya kuvuna

Jambo la kwanza ni kuhesabu miezi. Manjano huhitaji takriban miezi saba hadi kumi tangu kupandwa, na mwisho wa muda huo majani hugeuka rangi na kulala yenyewe. Hiyo ni ishara ya kuacha kumwagilia na kujiandaa kuchimba. Aliyepanda mwanzoni mwa masika atarajie hali hiyo kuelekea mwisho wa mwaka, na hana sababu ya kutafuta dawa.

Ikiwa miezi haijatimia, kagua maji. Fukua kwa vidole pembeni mwa shina bila kung'oa mmea, kisha bonyeza pale shina linapokutana na udongo. Likiwa gumu, tunguu lililo chini yake huenda ni zima. Likiwa laini, la kahawia na lenye harufu ya kuoza, huo ni uozo wa tunguu, ambao kwa kawaida husababishwa na vimelea vya jamii ya Pythium vinavyostawi katika udongo uliotuamisha maji. Mara nyingi majani ya mmea wa namna hii huanza kukauka pembezoni na ukavu huingia ndani polepole. Ng'oa shina lote pamoja na udongo unaolizunguka, usilitupe kwenye shimo la mboji, na chimba mfereji ili maji yasisimame kwenye mimea iliyobaki. Msimu unaofuata panda juu ya matuta yaliyoinuka, tena mahali pengine, na usirudishe manjano wala tangawizi kwenye kipande kile kwa misimu kadhaa. Kumwaga dawa ya ukungu juu ya tunguu lililokwisha oza ni kupoteza fedha.

Kisababishi cha tatu ni njaa ya naitrojeni. Hapo majani ya chini peke yake hufifia, shina ni gumu na mmea mzima umedumaa. Samadi iliyooza vizuri pamoja na matandazo hutosha.

Kisababishi cha nadra, lakini kibaya kuliko vyote, ni mnyauko wa bakteria, hasa pale ambapo tangawizi, nyanya au viazi mviringo viliwahi kunyauka. Majani hujikunja na kulegea yangali ya kijani. Kata kipande cha shina, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi yaliyotulia, utazame mahali palipokatwa kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukiteremka majini, acha kila kitu hapo hapo: usihamishe udongo, usigawe vipando kwa majirani, osha jembe na viatu, na umwite afisa ugani wa kata. Hakuna dawa ya nyumbani inayosafisha udongo huo.

Tunguu la manjano limekatwa, na ndani ni la njano hafifu

Kisababishi cha kawaida ni haraka. Kurkumini, ambayo ndiyo rangi yenyewe, kwa kawaida huwa kati ya asilimia 2 na 5 ya uzito wa tunguu kavu, na hujikusanya kadiri tunguu linavyokomaa. Mtu anayechimba mwezi wa tano tangu kupanda kwa sababu sikukuu imekaribia hupata maji na wanga.

Cha pili ni aina ya mbegu. Manjano hayazai mbegu za kupanda, bali huendelezwa kwa vipande vya tunguu, hivyo ulichopanda ndicho utakachovuna. Kabla ya kupanda, vunja kidole kimoja cha kila fungu: kikiwa na rangi ya chungwa iliyokolea, panda fungu hilo, kikiwa cha njano ya maji, lipeleke jikoni. Wakulima wa viungo wa Muheza na Unguja huchagua vipando kwa kuvunja na kutazama, na sijaona njia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Cha tatu ni ukaushaji. Tunguu lichemshwe zima hadi kijiti kipenye bila nguvu, jambo ambalo huchukua dakika 45 hadi 60 hivi, ndipo likaushwe. Kuchemsha husambaza rangi ndani ya tunguu lote na kuharakisha kukauka. Anayekata vipande vyembamba na kuvianika juani mchana kutwa hupoteza rangi kwa sababu kurkumini huharibiwa na mwanga. Unga nao utunzwe kwenye kopo lisilopitisha mwanga, wala si kwenye chupa ya kioo iliyopangwa dirishani kwa ajili ya urembo.

Choya inachanua ikiwa fupi, au inakuwa kichaka bila maua

Malalamiko haya mawili yana kisababishi kikuu kimoja, nacho ni tarehe ya kupanda. Choya ni mmea wa siku fupi, yaani huanza kuchanua usiku unaporefuka. Katika maeneo ya kusini mwa ikweta kama Dodoma, Morogoro na Mtwara, choya iliyopandwa Desemba hukua majani na matawi wakati mchana ni mrefu, kisha huchanua siku zinapofupika. Iliyopandwa Mei hukutana na usiku mrefu ingali mchanga, hivyo huchanua ikiwa imefika gotini na kutoa maua machache. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo choya huchanua ikishakomaa, na huko jambo la kuangaliwa ni mvua.

Kichaka kisichotoa maua kikaguliwe usiku. Taa ya ulinzi au ya barabarani inayoangaza juu ya mmea huukatizia usiku wake, na mmea ukahesabu kwamba siku bado ni ndefu. Ukiona upande mmoja wa kitalu umechanua na ule unaotazama taa haujachanua, umepata jibu. Hamisha taa au ikinge. Ikiwa hakuna taa, kisababishi kinachofuata ni mbolea nyingi ya naitrojeni, kwa mfano urea au samadi ya kuku iliyomwagwa kila wiki. Iache kabisa hadi mmea uchanue.

Choya ina vikombe vyembamba, vikavu au vyenye mabaka

Kinachoitwa ua la choya sokoni ni kikombe chenye nyama kinachobaki kwenye shina baada ya petali kudondoka. Petali hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo kikombe hunenepa. Wakati wa kuvuna ni wiki mbili hadi tatu baadaye, kikombe kikiwa kinene, chenye kung'aa, na kinavunjika kwa mkono bila kisu. Wengi huchelewa wakisubiri kiwe chekundu zaidi, na kinachotokea ni kwamba kidonge cha mbegu hukomaa na kupasuka huku kikombe kikikauka, kikawa chembamba kama karatasi. Pita shambani kila siku chache na uvune kilichofika. Choya haikomai yote kwa pamoja.

Kisababishi cha pili ni wadudu. Choya ni ndugu wa bamia na pamba, na wadudu wa mimea hiyo huihamia. Mbawakawa wadogo wanaorukaruka hutoboa majani, vidung'ata weupe hujificha kwenye maungio, na kunguni wekundu wa pamba hufuata mbegu ndani ya vidonge. Usipande choya karibu na bamia ya zamani. Waokote wadudu asubuhi, na osha vidung'ata kwa maji yenye sabuni kidogo kabla kikombe hakijaanza kunenepa.

Hapa pana onyo linalohusu mazao yote ya rangi. Mtu anayetengeneza rangi huchukua kilo nyingi na kuzifanya kijiko kimoja. Kilo 10 za vikombe vibichi vya choya hutoa takriban kilo moja ya vikavu. Mabaki ya kiuatilifu nayo yanaweza kukolea pamoja na rangi. Baada ya kikombe kuanza kunenepa, usipulizie kiuatilifu chochote ambacho lebo yake haitaji zao lako na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Lebo ikiwa imebanduka au imeandikwa lugha usiyoisoma, chupa hiyo haifai kwa kazi hii.

Mmea mzima ukinyauka ghafla na shina likawa jeusi chini, huo ni uozo wa mizizi, na maelezo ya mifereji yaliyotolewa kwa manjano yanatosha hapa pia.

Bitiruti ni majani matupu, au ina miviringo myeupe ndani

Majani mengi juu ya kiazi kidogo hutokana, kwanza, na msongamano. Kile kinachoitwa mbegu ya bitiruti kwa kawaida ni kifuko chenye mbegu zaidi ya moja, hivyo hata aliyepanda kwa nafasi hujikuta na miche mitatu mahali pamoja. Punguzia miche ibaki mmoja kila baada ya sentimita 10 hivi, na yale majani uliyong'oa yapike. Kisababishi cha pili ni naitrojeni nyingi, na cha tatu ni kivuli.

Miviringo myeupe inayopishana na myekundu hutokana zaidi na joto. Bitiruti hupendelea nyuzi joto 15 hadi 20 hivi, na ndiyo maana ya Lushoto, Mbeya au Limuru hukolea kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Mkazi wa pwani anaweza kuipanda Mei au Juni, kuiwekea matandazo na kuivuna ikiwa na upana wa sentimita tano hadi saba, lakini asitarajie makubwa. Kwa maoni yangu mtu wa pwani anayetaka rangi nyekundu ashughulike na choya na mzingefuri, bitiruti aiachie nyanda za juu. Zingatia pia kwamba zipo mbegu ambazo kwa asili yake hutoa miviringo, soma pakiti.

Madoa meusi magumu ndani ya kiazi kwa kawaida ni upungufu wa boroni, hasa kwenye udongo uliotiwa chokaa nyingi au uliokauka kwa muda mrefu. Usitie boraksi, yaani chumvi ya boroni, kwa kukisia. Tofauti kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua mmea ni ndogo sana, na udongo ukizidishiwa huchukua muda kurudi. Peleka sampuli ya udongo maabara kwanza. Tanzania, kituo cha TARI Mlingano mkoani Tanga kinashughulikia udongo, na Kenya KALRO hufanya kazi hiyo.

Mzingefuri umechanua lakini maganda ni matupu

Mzingefuri, ambao Kwale hulimwa kwa biashara na hujulikana zaidi kwa jina la bixa, kwa kawaida hauzai kitu cha maana kabla ya mwaka wa pili au wa tatu, kwa hiyo umri ni jambo la kwanza. La pili ni kivuli: mti uliopandwa chini ya mwembe hutoa majani mazuri tu. La tatu ni nyuki. Chavua ya ua hili imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo, na hutoka pale nyuki anapolitikisa kwa mtetemo wa misuli ya kifua chake. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa ndio mafundi wa kazi hiyo, na anayewaua kwa sababu ya paa lake hujipunguzia mavuno. Unga mweupe kwenye majani na maganda machanga ni ubwiri unga; punguza matawi ili hewa ipite, na choma yaliyoathirika.

Mbegu zikiwepo lakini hazina rangi, tazama namna zilivyovunwa na kutunzwa. Rangi iko kwenye utando wa nje wa mbegu. Ganda livunwe linapokauka na kuanza kupasuka, kabla mvua haijaingia ndani, na mbegu zikaushwe kivulini. Kipimo chake ni kusugua mbegu chache kati ya vidole vilivyopakwa mafuta: zikiacha rangi ya chungwa iliyoiva vidoleni, ni nzima, vidole vikibaki na vumbi la kahawia, usipoteze mafuta yako.

## Dalili za jikoni

Rangi ya choya imegeuka zambarau, buluu au kijivu

Kisababishi cha kwanza ni maji. Rangi ya choya hubaki nyekundu penye uchachu na hupoteza wekundu wake kadiri uchachu unavyopungua. Maji ya kisima kirefu, ambayo katika sehemu nyingi za bara yana chumvi za kialkali, huipeleka kwenye zambarau. Kamulia ndimu, nyekundu ikirudi, jibu limepatikana. Mara nyingine chemsha kwa maji ya mvua yaliyokingwa vizuri au ya dukani, ulinganishe.

Cha pili ni magadi soda ndani ya chakula. Keki iliyotiwa choya na magadi hutoka tanuri ikiwa ya kijivu au ya kijani kibovu, na hakuna kiasi cha rangi kitakachoiokoa. Choya ikae kwenye vitu vichachu: juisi, jemu, mtindi, barafu za watoto, na sukari ya kupaka juu ya keki iliyokamuliwa ndimu.

Cha tatu ni sufuria. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na choya iliyochemshwa humo hula chombo, ikabadilika rangi na ladha. Chuma kinachoshika kutu huigeuza kuwa nyeusi. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu, enameli isiyobanduka au kioo, na usiilaze choya usiku kucha ndani ya alumini.

Cha mwisho ni moto mrefu. Maji yakichemka, epua, tia vikombe vikavu, funika na uchuje baada ya dakika 15 hivi. Anayechemsha kwa saa nzima akidhani atakamua rangi zaidi hupata kahawia.

Ubuyu unastahili neno lake. Ubuyu wa Mombasa na Zanzibar umezoewa ukiwa mwekundu wa kupaka ulimi, na wanaotaka kuacha rangi ya unga ya dukani hukimbilia bitiruti. Shira ya ubuyu huchemshwa hadi kuwa nzito, na joto hilo huua rangi ya bitiruti. Choya inafaa kuliko hiyo kwa sababu ubuyu wenyewe ni mchachu: chemsha shira kwa maji ya choya yaliyochujwa yakiwa mazito, tia pilipili na iliki kama kawaida, na unga wa choya uliosagwa laini unyunyize mwishoni wakati wa kuchanganya mbegu, sufuria ikiwa imeepuliwa. Wekundu wake ni wa kiza kidogo, wa damu ya mzee, wala si ule wa kung'aa kama plastiki, na mteja aelezwe hivyo mapema.

Rangi ya bitiruti imekuwa kahawia

Moto ndio kisababishi cha karibu kila lalamiko hili, na mwanga hufuata. Tia maji ya bitiruti mwishoni, chakula kikiwa vuguvugu, pamoja na matone ya ndimu. Katika keki ya kuokwa itafifia tu. Ihifadhi kwa ajili ya sukari ya juu, mtindi na aiskrimu. Harufu ya udongo inayolalamikiwa hupungua kwa ndimu hiyo hiyo.

Mlaji akiona mkojo mwekundu baada ya kula bitiruti, kwa kawaida hakuna hatari. Hutokea kwa baadhi ya watu, na zaidi kwa wenye upungufu wa madini ya chuma. Wekundu ukiendelea zaidi ya siku mbili baada ya kuacha bitiruti, au ukiambatana na maumivu au homa, aende hospitali, kwa kuwa huenda ni damu. Vilevile mtoto mchanga chini ya miezi sita asipewe maji ya bitiruti wala ya mchicha, kwa sababu mimea hii, hasa iliyotiwa urea nyingi, hubeba naitreti ambazo mwili wake haujaweza kuzimudu.

Manjano yanazama chini ya sufuria, au yamegeuka mekundu

Kurkumini karibu haiyeyuki katika maji. Kaanga unga kwa mafuta au samli kidogo, moto mdogo, kisha changanya na wali; rangi itashika kila punje. Kwenye kinywaji, koroga kwanza na maziwa yenye mafuta. Manjano yakigeuka mekundu au yakatoa madoa ya kahawia kwenye keki, magadi yamezidi au hayakuchekechwa vizuri.

Manjano yaliyonunuliwa yakiwa ya njano inayong'aa kupita kiasi, kuliko yale ya kwako, yatilie shaka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nchini Bangladesh manjano yalikuwa yakipakwa kromati ya risasi ili yavutie. Sumu hiyo haipimiki nyumbani kwa maji, ndimu wala moto. Ni maabara peke yake. Kwa sababu hiyo hiyo, usilime manjano wala bitiruti penye udongo wa karakana ya betri, jaa la zamani au ukuta unaobanduka rangi ya zamani.

Zingefuri haitoi rangi, au mafuta yamekuwa machungu

Mbegu zikiwa zimefaulu kipimo cha vidole, kosa ni moto. Pasha mafuta hadi yawe moto wa wastani, tia mbegu, geuza kwa dakika chache na epua mara mafuta yanapokuwa ya chungwa lililokolea. Mbegu zikianza kuwa nyeusi, rangi inaungua, mafuta hurudi njano na uchungu huingia. Anayetaka rangi ya kutia majini huloweka mbegu kwenye maji yenye chembe ya magadi, lakini ndimu ikiingia baadaye rangi hujikusanya na kuzama, ndiyo maana zingefuri ya maji haifai kwa ubuyu. Kwa biriani, mafuta ya zingefuri yakinyunyizwa juu ya wali sambamba na manjano yaliyokaangwa kwa mafuta hutoa ule mchanganyiko wa punje nyekundu, njano na nyeupe bila kopo la unga.

Mzio wa zingefuri ni nadra, lakini umewahi kurekodiwa. Midomo ikivimba, ngozi ikiwasha kwa mabaka au pumzi ikibana, hospitali mara moja.

Kijani cha mchicha kimekuwa rangi ya zeituni

Uchachu na moto mrefu ndivyo visababishi. Chovya majani katika maji yanayochemka, sufuria ikiwa wazi, kwa muda usiozidi dakika moja, yatie kwenye maji baridi sana, saga na uchuje. Usichanganye na ndimu. Mchicha wenye mishipa myekundu uutenge, maana wekundu wake huchafua kijani.

Wapo wanaoshauri chembe ya mrututu ili kijani kikolee. Usifanye hivyo kamwe. Mrututu ni salfeti ya shaba, na katika chakula ni sumu. Aliyekwisha kula chakula chenye mrututu apelekwe hospitali pamoja na pakiti yake, na asilazimishwe kutapika.

Chupa ina povu, ukungu au imevimba

Maji ya choya yasiyo na sukari na uchachu wa kutosha huanza kuchachuka baada ya siku chache nje ya friji. Ukungu ukionekana juu, mwaga yote, usiuondoe kwa kijiko. Dawa ni kuchemsha chupa, kujaza rangi ikiwa moto na kuihifadhi kwa baridi, au kuigandisha kwenye vibweta vya barafu ili utoe kiasi unachohitaji. Choya kavu hukaa muda mrefu zaidi, mradi iwe kavu kweli: ikibanwa kiganjani ivunjike, isijikunje.

Tatizo la hatari ni tunguu bichi la manjano lililosagwa na kufunikwa kwa mafuta. Mafuta huzuia hewa, na katika mchanganyiko usio na uchachu bakteria wa botulini wanaweza kutengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha. Mchanganyiko huo ukae kwenye friji na utumike ndani ya siku chache. Chupa iliyovimba au iliyofyatuka mfuniko isionjwe, hata kwa ncha ya ulimi; ifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Mtu aliyekula na akaanza kuona vitu viwili viwili, kope kulegea au kushindwa kumeza, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Anayekusudia kuuza rangi hizi asitegemee majaribio ya glasi tatu. Tanzania Bara usalama wa vyakula vinavyofungashwa husimamiwa na TBS, na Kenya ubora wa bidhaa husimamiwa na KEBS. Apeleke sampuli ya kila zao kwa kipimo cha madini mazito, mabaki ya viuatilifu na vijidudu kabla ya kuchapa lebo ya kwanza.